Kihindi kinavurugika kwenye kisomaji cha vitabu: tatizo ni fonti, faili au kifaa chenyewe?

#1 Msomaji_Tulivu
Wakuu habari. Najifunza Kihindi na nimeanza kusoma hadithi fupi kwenye kisomaji cha wino wa elektroniki. Kwenye simu hadithi zinasomeka bila shida. Nikihamishia faili lile lile kwenye kisomaji, maneno yanavurugika. Hata neno हिन्दी lenyewe linatoka limekatikakatika: herufi zimekaa mbalimbali, alama ya i fupi iko kulia kwa ह wakati inatakiwa kuwa kushoto, na chini ya न kuna kijimkia ambacho kwenye simu hakipo. Kuna sehemu nyingine naona kiduara cha vitone.

Kinachonichanganya ni kwamba kuna vitabu viwili humo humo kwenye kifaa ambavyo vinasomeka. Kimoja safi kabisa, kingine karibu safi. Nimeshaongeza fonti ya Devanagari (mwandiko wa Kihindi) na hakuna kilichobadilika. Jina la kifaa sitaji, sitaki uzi ugeuke mechi ya watani wa jadi. Aliyepita njia hii anisaidie.

#2 Kipanga
Fonti. Weka fonti ya Kihindi, washa upya, soma kitabu. Imeisha hiyo.

#3 mama_kamusi
Kipanga, soma swali kabla ya kujibu. Ameshasema fonti ameongeza. Halafu fonti ikikosekana huoni herufi zilizovurugika, unaona viboksi vitupu, kimoja kwa kila herufi. Fonti za Noto za Google zimepewa jina hilo kwa sababu ya viboksi hivyo: watu wa kompyuta huviita tofu, na lengo likawa "no tofu", tofu zisionekane tena. Mleta uzi haoni viboksi. Anaona herufi halali zilizokaa pasipo pake. Huo ni ugonjwa mwingine.

#4 Fundi_Herufi
Mama yuko sahihi, ngoja niongezee nyama.

Devanagari ina eneo lake kwenye Unicode (orodha ya kimataifa inayompa kila herufi namba yake), U+0900 hadi U+097F. Faili linahifadhi neno kwa mfuatano wa matamshi. हिन्दी ndani ya faili ni alama sita: ह, ि, न, ् , द, ी. Lakini jicho la msomaji halitakiwi kuona vitu sita vimepanga foleni. Ile ि lazima iruke ikae kushoto kwa ह ingawa imeandikwa baada yake. Ile ् ya katikati, halanti, inaua irabu ya न ili ishikane na द, na yenyewe inatakiwa ipotee. Kijimkia unachokiona chini ya न ndiyo halanti hiyo, imebaki peupe kwa sababu hakuna aliyeifanyia kazi.

Nani anatakiwa kuifanyia kazi? Fonti peke yake haiwezi. Fonti ya OpenType ina majedwali: GSUB linasema umbo lipi libadilishwe na lipi, GPOS linasema alama ikae wapi juu au chini ya herufi. Majedwali hayo hayajisomi. Inahitajika injini ya kuyasoma na kupanga maumbo, na inayotumika sana siku hizi ni HarfBuzz. Simu yako inayo injini ya namna hiyo, ndiyo maana huoni shida huko. Kisomaji chako, ninavyoona mimi, ama hakina ama kinayo na kwenye aina hiyo ya faili haitumiki.

Kwa kupima, tengeneza faili dogo lenye mstari huu mmoja:

हिन्दी कर्म प्रेम क्षत्रिय ज्ञान विद्यार्थी लड़का माँ

Kwenye कर्म, र iwe kandoano kadogo juu ya म. Kwenye प्रेम, र hiyo hiyo iwe mstari wa mshazari chini ya प. Kwenye क्षत्रिय, ि iruke त na र zote mbili. विद्यार्थी ndilo neno ninalolipenda kwa majaribio maana lina alama kumi na karibu kila fumbo la mwandiko huu limo. Likitoka sawa, injini unayo.

#5 Kipanga
Kwa hiyo fonti ni nota na injini ndiye mpiga kinanda. Sawa, nimekaa kiti cha nyuma, endeleeni.

#6 Chausiku
Asante Fundi, hapo nimeelewa kitu ambacho kilikuwa kinanisumbua muda mrefu. Mimi nilimaliza tatizo kama hilo kwa kuweka KOReader. Ni programu ya bure ya kusomea vitabu, inaingia kwenye visomaji vya Kobo na PocketBook, vifaa vya Android, na Kindle ikiwa imefunguliwa kufuli. Inatumia HarfBuzz. Ndani ya mipangilio ya herufi kuna sehemu ya nafasi kati ya herufi yenye ngazi kadhaa. Ukiiacha ngazi ya chini kwa ajili ya kasi, Kihindi kinavurugika vile vile. Panda ngazi ya juu kabisa, ndiyo inayopanga Devanagari na Kiarabu ipasavyo. Kurasa zitachelewa kidogo kufunguka kwenye kifaa cha zamani.

#7 Nyaraka
Mimi sishawishiki kwamba ni injini. Fundi amepita haraka sana juu ya vile vitabu viwili vinavyosomeka. Kifaa kisicho na injini kingevuruga vyote. Hakiwezi kuchagua.

Nadharia yangu: tatizo liko kwenye mafaili. Vitabu vingi vya Kihindi vinavyozunguka mtandaoni vimetolewa kwenye PDF. Kwenye PDF kila umbo limechorwa mahali pake, na programu ya kugeuza inaokota maumbo kuanzia kushoto. Inaikuta ि kabla ya ह, inaandika ि kwanza. Matokeo yake faili lina mfuatano wa macho, si wa matamshi. Sasa fikiria: kifaa kisichojua kupanga kikikuta ि halafu ह, kinazichora hivyo hivyo na unaona हि nzuri tu. Simu inayojua kupanga ikikuta hiyo hiyo inasema hii irabu haina konsonanti ya kuegemea, inaiwekea kiduara cha vitone, kisha ह inafuata peke yake.

Msomaji_Tulivu, vifungue vitabu vyako viwili "vizuri" kwenye simu halafu uje utuambie.

#8 Fundi_Herufi
Nyaraka, hoja yako ya vitabu viwili ni nzuri, lakini angalia ulichokisema. Ukiwa sahihi kuhusu mafaili, bado kifaa hakina injini! Maana kifaa chenye injini kingeyaonyesha hayo mafaili ya PDF vibaya. Umenitetea bila kukusudia.

#9 Nyaraka
Sijakutetea. Nimesema tatizo la *kwanza* ni mafaili. Na kuhusu kiduara cha vitone: mleta uzi anasema anakiona kwenye kisomaji. Kiduara hicho, U+25CC, huwekwa na injini inapokutana na alama yatima. Kisomaji kisicho na injini kitakitoa wapi?

#10 Fundi_Herufi
Kuna fonti ambazo mchoraji ameweka kiduara ndani ya umbo la alama yenyewe. Ikichorwa bila kupangwa, kiduara kinatoka nayo. Hicho si ushahidi wa injini.

#11 Tabasamu
Nimeweka kambi hapa. Sijui hata herufi moja ya Kihindi lakini ugomvi huu ni mtamu.

#12 Mtunza_Makabati
Wote mmesahau mzimu wa zamani: fonti zisizo za Unicode. Kruti Dev, DevLys, Chanakya, Shusha. Kabla Unicode haijaenea, watu India walichapa Kihindi kwa fonti zilizochora maumbo ya Devanagari juu ya namba za herufi za Kilatini. Kruti Dev inafuata mpangilio wa mashine ya kuchapa ya Remington. Ukiandika हिन्दी kwa Kruti Dev, ndani ya faili kuna "fgUnh". भारत ni "Hkkjr". Ukiiondoa fonti hiyo unabaki na takataka za Kilatini.

Kwa nini nayaleta haya? Kwa sababu kitabu cha namna hiyo, kikiwa kimebeba fonti yake ndani ya faili la EPUB, kitaonekana kizuri kwenye kifaa chochote. Hakihitaji injini hata kidogo. Machoni mwa kifaa hayo ni maandishi ya Kilatini tu, herufi baada ya herufi, na ile ि imechapwa kushoto tangu mwanzo, ndiyo hiyo "f" inayotangulia. Kwa hiyo kitabu "safi kabisa" kinaweza kuwa ndicho kibovu kuliko vyote. Mpime kwa kutafuta neno ndani yake. Ukitafuta हिन्दी na kifaa kinasema hakuna, wakati unaliona kwenye ukurasa, basi umemkamata.

#13 Msomaji_Tulivu
Nimerudi. Asanteni wote.

Mstari wa Fundi: kwenye kisomaji umevurugika wote. कर्म imekuwa क, र yenye mkia, म. Kwenye simu uko sawa.

Kitabu "karibu safi": Nyaraka umepiga kwenye mshono. Kwenye simu kimejaa viduara vya vitone. Kwenye kisomaji irabu zimekaa vizuri ila hiyo halanti inaonekana chini ya kila konsonanti inayotakiwa kushikana. Sikuwa nimewahi kukifungua kwenye simu.

Kitabu "safi kabisa": kiko safi kote, simu na kisomaji. Nimetafuta neno हिन्दी ndani yake, halipatikani, na liko kwenye ukurasa wa kwanza. Nikibadilisha fonti kwenye mipangilio hakuna kinachobadilika. Nikikuza maandishi yanakua na mistari inajipanga upya, kwa hiyo si picha.

#14 Mtunza_Makabati
Kruti Dev. Niliwaambia.

#15 Nyaraka
Taratibu mzee. Utafutaji unaweza kushindwa kwa sababu nyingine. Huenda kitabu kimeandika हिंदी kwa nukta ya anusvara (ं) na yeye anatafuta हिन्दी kwa न na halanti. Ni neno lile lile, tahajia zote mbili zinatumika India, na kwa kompyuta ni maneno mawili tofauti. Au kuna viunganishi visivyoonekana, U+200D na U+200C, ambavyo wachapaji huweka kulazimisha au kuzuia herufi kushikana. Huvioni, lakini utafutaji unavigonga.

#16 mama_kamusi
Hapo kwenye utafutaji nina la kusema, maana natengeneza kamusi na limenitesa. Angalieni ड़ ya लड़का. Inaweza kuandikwa kwa namna mbili: kama herufi moja, U+095C, au kama ड na nukta ya chini, U+0921 na U+093C. Kwa macho hakuna tofauti. Kitabu kikitumia moja na kamusi nyingine, ukibonyeza neno kisomaji kinakwambia halipo. Herufi zote za kundi hilo, क़ ख़ ग़ ज़ ड़ ढ़ फ़, zina shida hiyo. Na ukipitisha maandishi kwenye usawazishaji wa Unicode wa kawaida, NFC, hizo herufi moja moja *zinavunjwa* kuwa mbili, kinyume na unavyotarajia kwa é ya Kifaransa ambayo inaunganishwa. Kwa hiyo mimi kamusi zangu zote nazipitisha NFC kwanza, na vitabu vilevile. Tangu hapo maneno yanapatikana.

Lakini न na ं za Nyaraka hazitibiwi na NFC. Hizo ni tahajia kweli, zinataka orodha ya visawe.

#17 Kinega
Shikamoo mama_kamusi. Swali la pembeni: ukipitisha NFC hupotezi vile viunganishi visivyoonekana?

#18 mama_kamusi
Marahaba. Hapana, NFC haivigusi. Ukitaka vitoke utavitoa mwenyewe, na kwa kitabu nakushauri uviache, kuna sehemu vinabeba kazi.

#19 Chausiku
Tunarudi kwa mleta uzi jamani. Amejaribu KOReader?

#20 Kipanga
Kindle haisomi Kihindi, labda ndiyo anayo. Anunue nyingine.

#21 Kinega
Kipanga umetoka kiti cha nyuma kuja kupotosha. Amazon walianza kuuza vitabu vya Kihindi kwenye Kindle mwaka 2016, pamoja na Kitamil, Kimarathi, Kigujarati na Kimalayalam. Injini ya kupanga ipo. Kinacholeta mkanganyiko ni aina ya faili. MOBI ya zamani haibebi fonti ndani yake. Aina ya KF8 iliyokuja 2011, ambayo Calibre (programu ya kompyuta ya kupanga na kugeuza vitabu) inaitoa kama AZW3, inabeba. Mtu akigeuza kitabu kuwa MOBI kwa mazoea, halafu akalaumu kifaa, anakionea.

Na fonti zako mwenyewe unaziweka kwenye folda ya fonts, kisha unazichagua kwenye menyu ya Aa.

#22 Sahani_Mbili
Kwa wenye Kobo pia aina ya faili ni jambo kubwa, hata jina la mwisho la faili tu. Faili la .epub la kawaida linasomwa na injini ya Adobe. Faili la .kepub.epub linasomwa na injini nyingine yenye asili ya WebKit. Kitabu kimoja, kifaa kimoja, injini mbili. Kuna kijiprogramu cha kugeuza kinaitwa kepubify, na Calibre ina programu-jalizi yake. Kabla ya kufungua kufuli la chochote, mtu ajaribu hilo kwanza.

Hii pia inaweza kuwa jibu la vitabu viwili: huenda "safi kabisa" ni cha aina nyingine ya faili. Hakuna aliyeuliza.

#23 Fundi_Herufi
Naam! Sahani_Mbili umeuliza swali lililotakiwa kuulizwa kwenye #2. Msomaji_Tulivu, majina ya mwisho ya mafaili yote matatu tafadhali.

#24 Msomaji_Tulivu
Hadithi zilizovurugika na kile "karibu safi" ni .epub. "Safi kabisa" nilikinunua kupitia duka la kifaa chenyewe, kimeshuka moja kwa moja, sioni faili. Na kina kufuli la DRM, siwezi kukifungua kwenye Calibre. Kwenye simu nakisomea programu ya duka hilo hilo.

#25 Fundi_Herufi
Basi kesi imebadilika. Vitabu vya dukani vinapita injini moja, ulivyojiwekea mwenyewe vinapita nyingine. Hiyo inaeleza kila kitu, hata kutobadilika kwa fonti: mchapishaji amefungia fonti yake.

#26 Mtunza_Makabati
Haielezi utafutaji.

#27 Fundi_Herufi
Utafutaji umeelezwa na Nyaraka kwenye #15.

#28 Mtunza_Makabati
Umeelezwa kwa "huenda". Mimi nina kipimo. Akoleze maneno mawili kwenye kitabu hicho, kisha aone kumbukumbu ya nukuu imehifadhi nini. Ikiwa ni "fgUnh" tunafunga mjadala.

#29 Msomaji_Tulivu
Duka halinipi faili la nukuu. Naona tu nilichokoleza, na kinaonekana kwa Kihindi.

#30 Mtunza_Makabati
Kwa fonti gani kinaonekana? 🙂

#31 Tabasamu
Mzee wa makabati hakubali kushindwa wallahi.

#32 Nyaraka
Tumwachie huyo wa dukani. Hadithi zake za .epub ndizo zinazotibika. Mimi ningefungua EPUB kwenye kihariri cha Calibre na kutazama mambo haya kabla ya kulaumu injini:

Lugha. Kwenye maelezo ya kitabu iandikwe hi, na kwenye kurasa xml:lang="hi". Nyingi zimeachwa en kwa sababu aliyetengeneza alitumia kiolezo. Ikiwa en, kifaa kinaweza kukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza.

Viungo laini, U+00AD, alama zisizoonekana za mahali pa kukata neno. Programu za kukata maneno huvipandikiza katikati ya neno. Kikiangukia kati ya halanti na konsonanti inayofuata, herufi hazishikani tena, na hata injini nzuri haina la kufanya. Vifute vyote.

Na letter-spacing, yaani nafasi kati ya herufi, kwenye CSS (faili la mtindo wa kitabu).

#33 Sahani_Mbili
Hiyo letter-spacing isisitizwe. Mwandiko wa Kilatini ukiupanua herufi unapendeza kwenye vichwa vya sura. Devanagari ina shirorekha, ule mstari wa juu unaobeba neno zima. Ukipanua, mstari unakatika na neno linakuwa kama meno yaliyong'oka. Kuna anayetengeneza vitabu vizuri sana, hilo peke yake linamharibia. Herufi kubwa ya mwanzo wa aya nayo: CSS ikikamata "herufi ya kwanza" ya क्षत्रिय, kifaa kizembe kinakuza क peke yake na kuacha halanti ikielea.

#34 Kinega
Na line-height, nafasi kati ya mistari. Alama nyingi ziko juu na chini ya mstari. Ukibana nafasi kama ya Kiingereza, chandrabindu (ँ) ya माँ inakatwa kichwa na ू inagongana na mstari wa chini. Mimi naanzia 1.5 na kupanda.

#35 Pembe_Nne
Samahani kuingilia. Changu ni tofauti: faili la .txt, kwenye kompyuta ni Kihindi safi, kwenye kisomaji naona à¤¹à¤¿ mwanzo hadi mwisho. Nimejaribu fonti zote za uzi huu.

#36 mama_kamusi
Hiyo haihusiani na fonti. Kila herufi ya Devanagari kwenye UTF-8 (usimbaji, yaani namna ya kuhifadhi Unicode kwenye faili) ni baiti tatu, na zote zinaanza na E0 A4 au E0 A5. Kisomaji kinadhani faili ni la usimbaji wa Kilatini, kwa hiyo kila baiti kinaisoma kama herufi. Ndiyo maana unaona à¤ ikijirudia. Ligeuze kuwa EPUB kwa Calibre ukitaja utf-8 kwenye sehemu ya usimbaji wa kuingiza.

#37 Pembe_Nne
Imekubali. Ubarikiwe mama.

#38 Chausiku
Sasa tuongee uzuri. Fonti gani mnasomea? Kwenye skrini ya nukta 300 kwa inchi natumia Tiro Devanagari Hindi, ina sura ya kitabu hasa. Wana tatu, ya Hindi, ya Marathi na ya Sanskrit, chagueni ya Hindi.

#39 Kinega
Mukta. Ina uzito wa kutosha na ina Kilatini ndani yake, kwa hiyo neno la Kiingereza likiingia katikati halibadiliki sura. Kwenye skrini za nukta 167, Tiro inakuwa nyembamba mno.

#40 Fundi_Herufi
Noto Serif Devanagari. Lakini angalizo: ukiipakua siku hizi mara nyingi unapewa fonti ya kubadilika, faili moja lenye uzito wote, jina lake lina mabano ya mraba. Visomaji vingi vya zamani haviielewi. Ingia folda ya static, chukua Regular na Bold. Na kwa Kobo weka majina kwa mtindo wa Jina-Regular, Jina-Bold, la sivyo kifaa hakijui kwamba ni ndugu.

Kuhusu italiki: Devanagari haina utamaduni huo. Kifaa kitailaza kwa nguvu. Ondoeni italiki kwenye CSS.

#41 Kipanga
Mimi nimechukua fonti ya Kihindi kutoka Mac na kuihamishia kwenye kisomaji. Herufi zipo, hazishikani. Kwa hiyo na mimi ni mgonjwa wa #1?

#42 Fundi_Herufi
Hee, Kipanga anasoma Kihindi? Fonti kadhaa za Apple zilitengenezwa kwa mfumo wao wa AAT, kanuni za kupanga ziko kwenye jedwali la morx badala ya GSUB. Nje ya Mac, injini inayotegemea GSUB haikuti kitu. Pia leseni yake si ya kuhamisha hovyo. Chukua Mukta au Noto, zote ni huru.

#43 Kipanga
Kwa hiyo ilikuwa fonti. Nilisema kwenye #2.

#44 mama_kamusi
Kwako wewe ndiyo. 😂

#45 Msomaji_Tulivu
Ripoti fupi. Nimebadilisha lugha kuwa hi, nimefuta viungo laini (vilikuwepo vingi mno) na letter-spacing. Kwenye kisomaji hadithi bado zinavurugika ila kidogo: mistari ya juu imeungana, herufi bado hazishikani. Nimeweka KOReader kama alivyosema Chausiku, humo zinasomeka, विद्यार्थी imetoka kama kwenye simu. Kile cha PDF humo sasa kimejaa viduara.

#46 Nyaraka
Kile cha PDF usikihangaikie kwa mkono. Rudi kwenye PDF yenyewe, geuza kurasa zake kuwa picha, zipitishe kwenye Tesseract (programu ya kusoma maandishi kwenye picha) kwa data ya lugha ya hin. Inasoma picha ya ukurasa, kwa hiyo inaandika mfuatano wa matamshi. Utasahihisha makosa ya hapa na pale, hasa ब na व, lakini utapata maandishi ya kweli.

#47 Fundi_Herufi
KOReader imefanya kazi, maana yake injini ya kiwandani ndiyo yenye tatizo kwa EPUB. Nafikiri hapo hakuna ubishi.

#48 Nyaraka
Ubishi upo. Mistari ya juu iliungana baada ya kusafisha faili, *ndani ya injini ile ile*. Yote mawili.

#49 Mtunza_Makabati
Na cha dukani? Kitabu hicho, Msomaji_Tulivu, tafuta ndani yake "fgUnh" kwa herufi za Kilatini. Dakika moja tu.

#50 Msomaji_Tulivu
Kibodi ya kisomaji nimeiweka ya Kihindi, nikirudisha ya Kilatini nitajaribu na kuleta jibu.